Jinsi ya kufufua masomo ya ufundi kwenye shule ya kijijini ukishirikiana na wenye biashara

Kama uko kwenye bodi ya shule ya kijijini, au we ni mwalimu mkuu, au ni mzazi tu unayekereka kuona karakana ya shule imegeuka stoo ya madawati mabovu, hii ni ya kwako. Na niseme msimamo wangu mapema usije ukasoma mpaka chini ndo ugundue hatukubaliani: ukienda kwa wenye biashara usiombe mashine, usiombe jengo, na hela usianze nazo. Omba watu wao na omba kazi yao. Mashine ya msaada isiyo na mtu inafanya kazi miezi kadhaa, inaharibika kitu kidogo, hakuna wa kuigusa, basi inafunikwa turubai imeisha hiyo. Lakini fundi anayekuja kila Jumanne asubuhi na kazi ya mteja mkononi anafundisha hata kwa vifaa vyake mwenyewe, na akishazoea kuja utashangaa vifaa vinaanza kufuata.

Anza na orodha ya biashara, sio orodha ya masomo

Watu wengi wanaanza kwa kuuliza tufundishe nini, useremala au umeme au kushona, wanapiga kura kwenye kikao, wanaagiza vifaa, alafu ndo wanatafuta nani atawapokea vijana. Geuza. Chora duara la umbali ambao mwanafunzi anaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo bila kulala njiani, kisha andika kila sehemu ndani ya duara hilo ambapo mtu analipwa kwa kutumia mikono na akili yake. Usiandike kampuni peke yake maana vijijini kampuni zenye bango ni chache na ukizitegemea utasema hapa kwetu hakuna biashara, kumbe zipo kibao. Kuna mtu anayetengeneza pampu za maji. Kuna gereji ya matrekta. Kuna hospitali au zahanati yenye majokofu ya chanjo na jenereta na mashine za maabara ambazo zote zinahitaji matengenezo. Kuna minara ya simu, kuna mradi wa maji, kuna watu wa barabara, kuna kiwanda kidogo cha mbao au cha maziwa, kuna anayefunga sola kwenye mapaa. Hata shule yenyewe ina nyaya na mabomba na madirisha.

Ukishapata orodha nenda kwa miguu. Simu haisaidii sana hapa, na barua yenye muhuri ndo mbaya zaidi kwa sababu mwenye biashara akiiona anajua ni mchango unaombwa. Nenda ukaongee, na kama kuna bosi na kuna msimamizi wa mafundi, salimia bosi alafu kaa na msimamizi, yule ndo anajua kazi ilivyo. Muulize maswali matatu tu.

La kwanza: ni kazi gani ikitokea unalazimika kuita mtu kutoka mbali na kumsubiri? Hili swali ni dhahabu. Jibu lake ndo somo lako. Utasikia mambo ya majokofu na viyoyozi, mifumo ya umeme ya mashine mpya ambazo haziongei mpaka uzichomeke kompyuta, pampu za kuzama, kuchomelea aluminiamu. Yaani biashara inasimama siku nzima inasubiri mtu wa mjini, na huku shule ina vijana mia kadhaa wanaoishi palepale.

La pili: mtu wa mwisho uliyemwajiri akakushinda, alishindwa nini? Jiandae maana majibu mengi hayatakuwa ya kiufundi kabisa. Watakwambia alikuwa hajui kupima, alikuwa hawezi kuandika alichofanya ili mwenzie aendeleze, alikuwa hasemi akiharibu kitu, alikuwa anachelewa. Hayo yote yanafundishika na hayahitaji mashine hata moja, na mwalimu wa hesabu na wa lugha wana kazi ya kufanya hapo.

La tatu: ningekuletea kijana wa miaka 17 asubuhi mbili kwa wiki, ungempa kazi gani? Akikosa jibu usimlazimishe, hayuko tayari, mwache umrudie mwakani. Akijibu haraka na anataja kazi yenyewe, huyo ni mshirika.

Hii ya kuanza na mahitaji ya eneo sijaitunga mimi. Marekani, ambako serikali kuu imekuwa ikitoa fedha za elimu ya ufundi mashuleni tangu sheria ya Smith-Hughes ya 1917, sheria inayotumika saivi, ile ya Perkins iliyofanyiwa marekebisho 2018, inazitaka wilaya na vyuo vinavyopokea hizo fedha vifanye tathmini ya mahitaji ya eneo lao angalau kila miaka 2, na kwenye tathmini hiyo wawakilishi wa waajiri lazima washirikishwe. Tatizo ni kwamba tathmini inaweza kufanywa ofisini kwa kujaza fomu, na hapo ndo inakuwa haina maana. Ndo maana nasisitiza miguu.

Biashara ni ndogo? Ziunganishe

Hapa ndo penye ugumu wa kijijini na nataka tukae kidogo. Mifano mingi ya ushirikiano wa shule na waajiri inatoka sehemu zenye viwanda vikubwa. Kila mtu anapenda kuitaja Ujerumani, ambako kijana anakuwa kazini siku 3 au 4 kwa wiki na shuleni siku 1 au 2, kwa miaka 2 hadi mitatu na nusu, chini ya sheria ya mafunzo ya ufundi ya 1969. Mfumo mzuri, sibishi. Lakini ule umesimama juu ya vyama vya wafanyabiashara na mafundi vyenye nguvu vinavyosimamia mpaka mitihani, na kijijini kwako huenda una fundi mmoja na vijana wake wawili. Hawezi kumbeba mwanafunzi mwaka mzima, na hata akiweza, kazi zake ni za aina mbili tatu tu, kijana atatoka anajua nusu ya fani.

Suluhisho lipo na nchi hizohizo zinalitumia ila halitajwi sana. Uswisi, ambako karibu theluthi mbili ya vijana wanaomaliza elimu ya lazima wanaingia njia ya ufundi, biashara ndogo zinaruhusiwa kuungana zikamfundisha mwanagenzi mmoja, yaani kijana anayejifunza fani akiwa kazini, kwa pamoja, anazunguka kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Ujerumani nao wanayo hiyo. Australia wao wana mashirika ambayo yanamwajiri mwanagenzi yenyewe kisha yanampangisha kwa biashara mbalimbali, biashara moja ikiishiwa kazi anahamishiwa nyingine, mwenye biashara habebi mzigo wa makaratasi.

Kijijini shule ndo inaweza kuwa hicho kiungo. Tuseme unafundisha umeme. Kwa anayefunga nyaya za nyumba kijana anakaa wiki 6, kwa wa sola wiki 6, kwa wa pampu na mota wiki 6, na kwenye jenereta ya hospitali anaenda siku chache tu za matengenezo. Shule inashika karatasi moja inayoonyesha kila sehemu inafundisha nini, ili mapengo yaonekane mapema. Ukiiangalia hiyo karatasi ukakuta hakuna mahali kijana anajifunza kupima na kutafuta hitilafu, unajua hicho ndo kinabaki kuwa kazi ya karakana ya shule. Kwa hiyo karakana yako inanunua vya kujaza pengo tu, hainunui kila kitu, na hapo gharama inashuka sana.

Faida nyingine ambayo watu hawaioni: mshirika mmoja akijitoa programu haifi. Ukimtegemea mkubwa mmoja, siku meneja akibadilishwa umekwisha.

Makubaliano, ukurasa mmoja

Usiandike mkataba wa kurasa ishirini, fundi hatausoma na mwanasheria wa kampuni atausoma sana. Ukurasa mmoja unatosha: nani anakuja au anapokea, siku gani na saa ngapi, kijana atajifunza kazi zipi, nani anamsimamia kwa jina na nani anashika nafasi yake asipokuwepo, bima ni ya nani, na jinsi ya kuachana kwa amani bila kumwacha mwanafunzi hewani katikati ya muhula.

Hiyo ya kazi zipi ndo usiilegeze. Bila orodha ya kazi kijana atafagia gereji mwezi mzima na kutumwa chai, na sio kwamba fundi ni mbaya, yuko bize tu na mtoto wa kufagia yupo. Tengeneza orodha ya vitendo kama 15 au 20, vimeandikwa kama fundi anavyovisema mwenyewe: kubadilisha beringi, kuunga waya kwenye boksi, kusoma mita, kunoa randa. Kila kimoja kina sehemu tatu za kutiki, ameona, amefanya akisimamiwa, amefanya peke yake. Fundi anatiki na kusaini. Kama hapendi karatasi, kijana apige picha ya kazi na fundi atume neno moja kwenye grupu la WhatsApp, inatosha. Mwalimu apite kila wiki mbili aangalie, na akikuta tiki haziendi mbele aongee mapema.

Kujua kazi na kujua kufundisha ni vitu viwili

Fundi mzuri mikono inaenda yenyewe, ukimwambia aeleze anasema "we angalia tu". Ujerumani lazima biashara inayofundisha iwe na mtu aliyethibitisha kwamba anaweza kufundisha, kwa kawaida kwa mtihani. Kijijini huwezi kudai mtihani, lakini nusu siku na mafundi wote kabla ya muhula unaweza kuipata, wape chakula na uwaonyeshe njia ya hatua nne. Ni ya zamani na rahisi, Marekani waliitumia kufundisha wafanyakazi wa viwandani haraka wakati wa Vita ya Pili ya Dunia: mwandae mwanafunzi na umuulize anachojua tayari, fanya mbele yake polepole huku unasema unachofanya na kwa nini, mwache afanye yeye huku ANAKWAMBIA anachofanya, kisha mwache peke yake lakini rudi kumcheki. Hatua ya tatu ndo mafundi wengi wanairuka, na ndo yenye kazi kubwa, maana kijana akieleza kwa mdomo unasikia palepale alipoelewa vibaya kabla hajaunguza mota.

Kuna nchi haziruhusu mtu asiye na leseni ya ualimu kusimama darasani peke yake. Sawa, mwalimu abaki darasani kama mwenye darasa na fundi afundishe, tena ni bora hivyo kwa sababu mwalimu naye anajifunza. Na likizo moja mwalimu akakae kwenye biashara kama mwanafunzi, akashike spana. Walimu wawili kama inawezekana, sio mmoja, manake programu nyingi zinakufa siku mwalimu mmoja anapohamishwa na ufunguo wa karakana.

Ratiba na usafiri

Kipindi cha dakika 40 kinaua ufundi. Kutoa vifaa na kuvaa dakika 10, kusafisha na kurudisha dakika 10, unabaki na dakika 20 za kuchomelea, hakuna fundi atakayesafiri kuja kwa ajili ya hizo. Unganisha vipindi viwe nusu siku nzima, hata kama ni mara moja kwa wiki. Najua mwandaa ratiba atalalamika, mkae naye mapema kabla mwaka haujaanza maana katikati haiwezekani tena.

Usafiri ndo unaua zingine. Kabla ya kufikiria basi jiulize kama kazi inaweza kuja shuleni badala ya watoto kwenda kazini. Pampu mbovu inabebeka. Injini ya zamani iliyoondolewa kwenye trekta inabebeka, na kwa kufundishia ni bora kuliko mpya kwa sababu unaifungua bila hofu. Mwenye biashara akileta kazi karakana ya shule mara moja kwa wiki, mtu mmoja amesafiri badala ya ishirini.

Alafu fuata kalenda ya biashara, usiilazimishe ifuate ya kwako. Gereji ya mashine za shamba ina wiki chache kabla ya msimu ambapo kila mtu analeta matengenezo, hapo vijana wanaona kazi nyingi kwa muda mfupi na fundi bado ana pumzi ya kueleza. Msimu ukishaanza na mashine imekwama shambani, fundi hana muda wala subira, usimpelekee mtu.

Usalama, hapa hakuna mjadala

Mikataba ya Shirika la Kazi Duniani, Na. 138 wa 1973 na Na. 182 wa 1999, inaweka miaka 18 kama umri wa chini wa kazi hatarishi, na mafunzo yana nafasi yake lakini kwa masharti. Kila nchi ina orodha yake ya kazi ambazo mwenye umri chini ya hapo haruhusiwi kugusa, itafute, ichapishe, mpe kila mshirika nakala. Bima iwepo kabla ya siku ya kwanza, sio baada. Miwani, viatu vya kufunika vidole, ngao ya kuchomelea, hivi shule inanunua hata kama haina hela ya kitu kingine. Mzazi asaini na apewe namba ya msimamizi. Na mwanafunzi asiachwe na mtu mzima mmoja mahali pa kujifungia, hii mwambie kila mshirika waziwazi, anayekasirika kuambiwa hivyo usimpelekee watoto.

Mashine na hela

Sasa kuna siku mtu atakuja na mashine ya msaada. Kabla hamjapiga picha muulize: spea zinapatikana wapi, nani anaitengeneza, na inatumia umeme gani. Hilo la mwisho linachekesha mpaka likukute, mashine nyingi za kiwandani zinataka umeme wa fezi tatu na karakana nyingi za shule zina fezi moja, kwa hiyo imekuja, imeshushwa, na haiwezi kuwaka. Kukataa mashine kwa heshima ni ujuzi, mwambie kwamba mngefurahi zaidi akiwapa mtu wake saa 3 kwa wiki na mabaki ya nyaya, mbao na vyuma.

Manake kinachokula hela kila muhula ni vitu vinavyoisha. Elektrodi, misumari, waya, gesi, msasa, mafuta. Bajeti ya ufunguzi huwa inavisahau, basi karakana inazinduliwa vizuri na muhula wa pili watoto wanachora michoro ubaoni. Weka fungu lake kabla hujanunua kifaa chochote kikubwa.

Wengine watashauri karakana ijiendeshe kwa kuuza bidhaa. Inawezekana ila angalia unauza nini. Ukianza kutengeneza madirisha ya bei chee na mshirika wako anaishi kwa madirisha, umemnyang'anya mkate na Jumanne haji tena. Tengenezeni vya shule wenyewe, madawati, rafu, nyaya za bweni, na za nje chukueni zile ambazo washirika wamekubali kwamba hawazitaki.

Nani anaingia

Kosa ambalo linamaliza kila kitu taratibu ni kupeleka ufundi wale waliofeli masomo mengine. Mwenye biashara anaona haraka sana kwamba analetewa waliokataliwa, na wazazi nao wanaona, basi hakuna mtoto mwenye kichwa atakayeruhusiwa kujiunga. Weka maombi. Mwache mshirika awafanyie usaili mfupi, dakika 10 kila mmoja, vijana wanajifunza na fundi anamwona kama mtu wake aliyemchagua mwenyewe. Wasichana waombe kwa idadi ya kutosha waingie kama kundi, kumweka mmoja peke yake kati ya wavulana kumi na tano ni kumtafutia sababu ya kuacha. Na ratiba ya ufundi isigongane na masomo yanayohitajika kuendelea na elimu ya juu, ili mzazi asilazimike kuchagua.

Kuhusu cheti, ulizia mamlaka ya mafunzo ya nchi yako kabla ya kuandikisha mtu ni mtihani gani unatambulika na shule inahitaji nini ili ifanyishe. Cheti cha shule peke yake kinapendeza ukutani tu.

Kuendelea mwaka wa pili

Kila mwisho wa muhula kaa na mafundi, sio mabosi, saa moja, uliza nini kiliwapotezea muda na ukibadilishe kabla ya muhula unaofuata, hata kama ni kitu kidogo kama saa ya kuanza. Kila biashara uwe na majina mawili ya kupiga simu. Faili la programu liwe na zile karatasi za tiki, makubaliano, ramani ya nani anafundisha nini, na nakala ikae kwa bodi na sio kwenye droo ya mwalimu mmoja. Hesabu vitu vichache tu: fundi alikuja mara ngapi kati ya alizoahidi, kila kijana amefika kitendo cha ngapi peke yake, na mwaka mmoja baada ya kumaliza yuko wapi. Hicho cha tatu kinahitaji mtu wa kupiga simu, mpe kazi hiyo katibu wa shule na mpe vocha.

Mshirika akifunga biashara au akichoka, mshukuru kwa barua, waambie wanafunzi wake siku hiyohiyo, rudi kwenye ile orodha yako ya duara uwaangalie wale waliosema mwakani.